UZI: Gari lina bima, je, wewe unayo? Bima ya siku chache kwa tunaoendesha nchi za watu

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni kwa yeyote anayeishi ughaibuni, anayesoma huko, au anayekwenda kutembea na anajua kuna siku atashika usukani. Ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili liliniumiza na sitaki limkute mwingine.

Wiki ya tatu tangu nihamie Uingereza kwa masomo nilipata kitanda cha mtumba, tatizo likawa namna ya kukibeba. Rafiki yangu mmoja akanipa funguo za gari lake. Nikamuuliza, "Lina bima?" Akanijibu, "Lina bima kubwa kabisa, nenda tu." Hakunidanganya, na mimi sikuwa na nia mbaya. Sikufika hata nusu ya safari. Taa moja ya nyuma ilikuwa imeungua, polisi wakanisimamisha. Yule askari alikuwa mpole tu. Akachukua leseni yangu, akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wao, akapiga simu, kisha akarudi dirishani na kuniambia: gari lina bima, wewe huna.

Gari likapandishwa juu ya breki dauni mbele ya macho yangu. Mimi nikapata faini na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Alama ya kosa hilo hukaa kwenye rekodi miaka 4, na kila utakapokwenda kukata bima utaulizwa. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni rafiki yangu, kwa sababu kule mwenye gari anayemruhusu mtu asiye na bima kuliendesha naye ana kosa lake. Mtu ananisaidia, halafu namwingiza matatani.

Tangu siku hiyo nimekaa nikasoma hizi karatasi za bima mstari kwa mstari, na nikagundua kosa lilianzia kwenye swali lenyewe. Niliuliza kama gari lina bima. Nilitakiwa kuuliza: bima hii inanitambua mimi?

Hapo ndipo nchi zinapotofautiana, na wengi hatujui. Kuna mahali bima humfuata mtu, na mahali pengine hulifuata gari. Uingereza, kwa sehemu kubwa, mkataba unataja majina ya wanaoruhusiwa kuendesha. Asiyetajwa hayumo, hata akiwa mke wa mwenye gari. Wapo wenye bima kubwa ambao mkataba wao unawaruhusu kuendesha gari la mtu mwingine, lakini ruhusa hiyo ni ya mwenye mkataba peke yake, na kwa kawaida inafidia tu hasara utakayowasababishia wengine. Gari uliloazima ukilibamiza, ni juu yako.

Marekani mambo yamegeuka: kwa kawaida bima hulifuata gari, na mtu aliyepewa ruhusa na mwenye gari huingia chini ya bima hiyo hiyo, isipokuwa kama mkataba umemtoa kwa jina au umeweka sharti lingine. Ujerumani na Ufaransa nako bima ya lazima imefungwa kwenye gari, kwa hiyo aliyegongwa hulipwa. Ila mwenye gari anaweza kuwa alipunguziwa ada kwa kuahidi kwamba wanaoendesha ni fulani na fulani tu. Ukigonga na wewe humo kwenye orodha, kampuni itamlipa aliyeumia kisha itamgeukia mwenye gari kwa adhabu au makato makubwa. Kwa maneno mengine, "huku bima ni ya gari" si ruhusa ya kuchukua funguo bila kuuliza.

Sasa hii bima ya siku chache. Uingereza inauzwa kuanzia saa 1 hadi siku 28 au 30 hivi, unaikata kwa simu ndani ya dakika chache. Ni mkataba unaojitegemea, kwa jina lako, juu ya gari la mtu mwingine, kwa ruhusa yake. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukipata ajali, kwa kawaida dai linakwenda kwenye mkataba wako, na rafiki yako hapotezi punguzo lake la miaka ya kutodai fidia. Laiti ningejua siku ile! Saa 3 tu zingenitosha.

Lakini tusikimbilie kulipa. Kinachotuangusha sisi wageni ni maswali mawili madogo kwenye ile fomu.

La kwanza ni makazi. Fomu inauliza umeishi nchini muda gani. Kampuni nyingi zinataka mkazi wa kudumu, nyingine zinataka uwe umekaa miezi kadhaa au miaka. Mtu ana wiki 3, anaandika mwaka 1 ili mfumo umkubalie. Mfumo unamkubalia kweli, karatasi inatoka, anafurahi. Ndugu zangu, hiyo siyo bima. Siku ya ajali kampuni inaomba pasipoti, inaona muhuri wa kuingia, na mkataba unafutwa kama vile haukuwahi kuwepo. Hata pale sheria inapoilazimisha kumlipa aliyegongwa, inaweza kukudai wewe kila ilichomlipa. Zipo kampuni zinazowapokea wageni wenye leseni za nje. Ni chache na ada yake iko juu, lakini huko ndiko kwa kwenda.

La pili ni leseni. Wengi tunadhani leseni ya kimataifa ni leseni. Ile ni tafsiri tu ya leseni yako, bila leseni yenyewe haina kazi. Iliyotolewa chini ya mkataba wa Geneva wa 1949 inadumu mwaka 1, ya mkataba wa Vienna wa 1968 inaweza kufika miaka 3, na kuna nchi zinazotambua moja na kuikataa nyingine. Hakikisha unakokwenda wanatambua ipi kabla hujaipigia foleni.

Tena kwa wanaohamia kuna mtego mwingine. Ukishakuwa mkazi, leseni yako ya nje ina siku za kuishi. Uingereza miezi 12, Ufaransa mwaka 1, Ujerumani miezi 6. Baada ya hapo sheria inakuhesabu kama mtu asiye na leseni, hata kama kadi yenyewe inaonyesha bado miaka 3. Na mtu asiye na leseni halali, bima yake inayumba. Wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu siku ile ile mnayofika.

Jambo la mwisho kwa leo: gari likishakamatwa, bima nyingi za siku chache haziruhusiwi kulitoa. Nilihangaika na hilo siku nzima. Kituoni wanataka bima inayokubali magari yaliyozuiliwa, na mara nyingi hiyo inaanzia siku 30. Kila siku gari linapolala pale gharama inapanda, na lisipodaiwa kwa wakati linaweza kuuzwa au kusagwa chuma.

Karibuni mchangie, hasa mlioko nchi nyingine.

---

Mchangiaji wa 1

Pole sana mkuu, na asante kwa kufunguka. Mimi nakwenda Marekani miezi miwili kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Gari lake nitalitumia kila siku kupeleka watoto shule. Nimetafuta bima ya siku chache kama hiyo ya Uingereza, sioni. Nafanyaje?

---

Mchangiaji wa 2

Dada, hongereni kwa mtoto. Niko Marekani mwaka wa tisa huu, ngoja nikueleze. Hiyo ya saa au siku huku si kitu cha kawaida. Mikataba mingi ni ya miezi 6 au mwaka. Mleta uzi kasema kweli kwamba bima hulifuata gari, ila angalia hapa: kanuni ya "nimempa ruhusa" inafaa kwa mtu wa mara moja moja. Wewe utakaa nyumba moja na dada yako na utaendesha kila siku. Kampuni zinataka watu wa namna hiyo watajwe. Mwambie dada apige simu kwa wakala wake kabla hujapanda ndege, aombe uongezwe kwenye mkataba wake kwa miezi hiyo miwili. Watauliza leseni yako, na ada itapanda kidogo. Ukiondoka anakutoa. Apate jibu kwa maandishi, asikubali la mdomo tu.

Kingine, kila jimbo lina kiwango chake cha chini cha bima ya kuwafidia wengine, na vingi ni vidogo mno ukilinganisha na bili ya hospitali huku. Mtu mmoja akilazwa, kiwango cha chini kinaisha haraka, kinachobaki unadaiwa wewe. Muulize dada amekata kiasi gani. Najua si rahisi kumuuliza mwenyeji wako swali kama hilo. Muulize hivyo hivyo.

---

Mchangiaji wa 3

Naongezea kwa wanaotoka Marekani kuingia Mexico kwa gari. Bima ya Marekani ikivuka mpaka, kwa upande wa kuwafidia wengine, sheria ya Mexico haiitambui. Lazima ukate bima ya kampuni iliyosajiliwa Mexico, na inauzwa kwa siku. Ajali ikitokea huna, unaweza kuzuiliwa mpaka ijulikane nani atalipa. Na kama gari ni la kukodi, uliza kwanza kama linaruhusiwa kuvuka.

---

Mchangiaji wa 4

Mimi ni dereva wa masafa, nimezunguka ukanda huu wetu miaka mingi. Kwa wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki na kushuka kusini, chombo chenu ni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Imekuwa ikifanya kazi tangu 1987. Tanzania ilitoka COMESA lakini kwenye mpango wa kadi ipo, kwa hiyo msitishwe na maneno ya vibarua wa mpakani.

Siku hizi naona watu wa magari madogo wakivuka na familia, na wanaichukulia kadi hii kama bima kubwa. Hapana. Kadi ya Njano inawalipa uliowagonga kwa sheria za nchi uliyomo, na inagusa matibabu ya dereva na abiria waliomo ndani. Gari lako likipinduka au likiibwa, kadi haihusiki. Tena haisimami peke yake, imeegemea bima yako ya nyumbani. Bima ya nyumbani ikiisha ukiwa ugenini, kadi nayo imekufa, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake haijafika. Nimeona mtu amekwama mpakani siku mbili kwa sababu hiyo. Kabla ya safari linganisha tarehe zote mbili, na soma kwenye kadi kama nchi unayopita haijakatwa mstari.

Afrika Magharibi wana yao, Kadi ya Kahawia ya ECOWAS, ya tangu 1982. Wazo ni lile lile.

---

Mleta uzi

Mkuu wa masafa, asante. Hili la kadi kuegemea bima ya nyumbani lishikeni sana. Ulaya kuna Kadi ya Kijani, mfumo wa tangu 1949, na unakwenda hivyo hivyo: inathibitisha kwamba una bima ya lazima inayotambulika uendako, haikuongezei ulinzi wa gari lako.

Ukiingia Ulaya na gari kutoka nchi isiyo kwenye mfumo huo, unakata bima ya mpakani. Mara nyingi inauzwa kuanzia siku 30 na inawalipa wengine tu. Ukishaikata kwenye nchi moja ya Umoja wa Ulaya, inatambulika kwenye nchi zote za Umoja huo, huhitaji nyingine kila mpaka.

---

Mchangiaji wa 5

Kuhusu Ujerumani. Nilinunua gari huko nikaliendesha mwenyewe hadi bandarini kulisafirisha. Kuna namba za muda za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ina ukanda wa manjano kulia wenye tarehe, ni ya siku 5 tu, kwa ajili ya kulijaribu au kulihamisha gari. Si kila nchi jirani inaikubali. Ya pili ina ukanda mwekundu, ndiyo ya kulitoa gari nchini, na muda wake unakwenda na muda wa bima uliyokata. Mimi bandari yangu ilikuwa nchi ya jirani, na muuzaji aliniuzia ile ya manjano kwa sababu ni rahisi kupata. Nikaambiwa na mpita njia tu kwamba nisivuke nayo. Nikarudi kubadilisha, nikapoteza siku 2, lakini sikupoteza gari.

---

Mchangiaji wa 6

Mimi naona tofauti kidogo na mleta uzi. Hizi bima za siku chache ada yake ukiigawa kwa siku ni kubwa mno. Kwa nini mtu asiongezwe tu kwenye mkataba wa mwenye gari kama alivyoshauriwa yule dada?

---

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ina uzito, na kwa miezi miwili nakuunga mkono. Mimi nilihitaji saa 3. Kuna kampuni zinatoza gharama ya kubadilisha mkataba kila unapoongeza jina na kila unapolitoa, na hapo ile ya siku chache inashinda. La pili, ukiwa ndani ya mkataba wa rafiki na ukagonga, dai ni la kwake. Punguzo alilojijengea miaka 5 linaondoka kwa sababu ya kitanda changu. Kwa ndugu wa damu pengine mtaelewana. Kwa rafiki mimi sitaki tena kumtwisha mzigo huo. Kwa hiyo hesabu siku, halafu fikiria nani ataumia ukikosea.

---

Mchangiaji wa 7

Niko Australia. Huku, kwenye majimbo mengi, ukisajili gari, usajili unakuja pamoja na bima ya lazima, na vijana wanaonunua magari ya kuzungukia nchi wanadhani wamemaliza. Bima hiyo ni ya watu wanaoumia tu. Ukigonga gari la mtu, na liwe la kifahari, utalipa kwa mfuko wako. Kuna bima ndogo ya mali za watu wengine, ikate hata kama gari lako bovu, maana unalinda mfuko wako na si lile gari. New Zealand ni zaidi: bima ya gari si lazima kisheria, na aliyeumia ajalini, hata mgeni, anahudumiwa na mfuko wa taifa. Lakini chuma cha mtu ni deni lako vile vile.

---

Mchangiaji wa 4

Afrika Kusini inafanana na hilo. Fidia ya majeruhi inatoka kwenye mfuko unaochangiwa na tozo ya mafuta, kila unapojaza tangi umeshachangia. Uharibifu wa mali haumo.

---

Mchangiaji wa 8

Na sisi wa magari ya kukodi mnatusaidiaje? Pale kaunta mtu anakusomea majina ya bima kama sita, umechoka na safari, nyuma yako kuna foleni. Mara zote nasaini tu.

---

Mchangiaji wa 2

Usisaini ukiwa umechoka, mkuu. Kaa pembeni dakika 5. Kuna maswali matatu tu: nikimgonga mtu nani analipa na hadi kiasi gani, gari hili likiharibika mimi nabeba sehemu gani ya hasara, na vitu gani havimo kabisa. Vioo, matairi na chini ya gari mara nyingi havimo, na huko ndiko barabara mbovu inakopiga.

Kadi za benki zenye bima ya gari la kukodi zinasaidia, lakini kwa kawaida ni kwa uharibifu wa gari lenyewe. Aliyegongwa hazimhusu. Na lazima ulipie ukodishaji wote kwa kadi hiyo na ukatae ile ya kaunta, la sivyo hazilipi. Kisha piga video gari zima mbele ya mhudumu, ndani na nje, kabla hujatoka. Mimi iliniokoa kwenye mkwaruzo uliokuwepo kabla yangu.

---

Mchangiaji wa 9

Tahadhari nyingine. Kuna watu mitandaoni wanajiita mawakala, wanauza bima ya siku chache kwa lugha yetu, bei chini sana. Ndugu yangu mmoja aliuziwa karatasi nzuri yenye nembo na namba ya mkataba. Mkataba ulikuwepo kweli, ila ulikatwa kwa umri na anwani ya uongo, na ulishafutwa siku ya pili. Yeye hakujua mpaka aliposimamishwa. Ukinunua kupitia mtu, ipigie kampuni yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, wasomee namba ya mkataba, waambie wakutajie jina lako na tarehe.

---

Mleta uzi

Inauma sana mtu wa kwenu akikuuzia hivyo. Asante kwa kulisema wazi.

---

Mchangiaji wa 10

Wakuu, mimi Ijumaa naendesha gari la binamu yangu Uingereza, siku 2. Nina leseni ya nyumbani, nimeingia juzi kwa ziara. Nianzie wapi?

---

Mleta uzi

Kama mgeni wa ziara, leseni yako inakubalika kwa muda huo, kwa hiyo hapo uko salama. Tafuta kampuni inayosema wazi kwamba inapokea leseni za nje na wasio wakazi, na uandike siku ulizokaa kama zilivyo. Namba ya gari iandike herufi kwa herufi huku ukiitazama kwenye gari lenyewe. Angalia saa ya kuanza: bima hizi zinaanza na kuisha kwa dakika, kwa saa za huko, na simu yako huenda bado iko kwenye saa za nyumbani. Ongeza saa kadhaa mbele kwa ajili ya foleni za barabarani. Muulize binamu kama mkataba wake hauna kipengele kinachokataza gari kuwekewa bima nyingine juu yake. Karatasi ikishatoka, ihifadhi kwenye simu na ichapishe nyingine uiweke kwenye gari.

Na kama gari utalitumia kumbebea mtu mzigo kwa malipo, hata mara moja, sema mapema. Hiyo ni biashara, na bima ya kawaida haiigusi.

---

Mchangiaji wa 10

Ya malipo haipo, ni kumpeleka shangazi hospitali na kumrudisha. Nimeshaongea na binamu, mkataba wake ameutoa tunausoma pamoja usiku huu. Namba ya gari nilikuwa nimeikosea herufi moja.